Toyota used ya mwaka gani: sura ya zamani za mwisho, sura mpya za mwanzo, au zile za katikati?

IST ya 2007 ni gari gani? Hilo swali halina jibu moja. Toyota walianza kuuza IST ya kwanza Mei 2002, wakaifunga katikati ya 2007, na Julai hiyohiyo wakaleta IST nyingine kabisa, bodi nyingine, giaboksi nyingine. Kwa hiyo ziko IST mbili za 2007 na kwenye matangazo zote zinaandikwa hivyohivyo. Shemeji yangu anayekaa Nkuhungu, hapahapa Dodoma, alinitumia picha mbili, zote nyeupe, zote 2007, moja imemzidi mwenzake kwa mamilioni, akaniuliza shem, hii ya bei kubwa ina nini wakati mwaka ni mmoja? Nikamwambia hizo sio gari moja, zimekutana tu mwaka.

Na sio IST peke yake. Prado ya 2009 inaweza kuwa ya sura ya zamani, ile inayoitwa 120, au ya sura mpya, 150. Harrier ya 2017 ina sura mbili, ya kabla ya Juni na ya baada ya Juni, na Prado 2017 hivyohivyo, iliguswa Septemba. Mtu anaangalia mwaka, anaangalia bei, anaangalia picha, halafu analipa bila kujua kwamba kitu kikubwa cha kuuliza ni hiki: hii gari ilitoka mwanzoni, katikati au mwishoni mwa maisha ya sura yake?

Wamarekani wana utaratibu wa gari kubeba jina la mwaka unaofuata, yaani gari ya "2018" unaikuta dukani tangu 2017. Wajapani hawaendi hivyo. Wao wanatoa sura mpya, wanaiacha miaka mitano, sita, wakati mwingine kumi na zaidi kama Prado 150, na katikati wanaigusa: taa, bampa, taa za nyuma, mara nyingine injini. Huko kugusa wanakuita maina chenji. Kwa hiyo gari nyingi za Toyota tunazoletewa huku unaweza kuzipanga mafungu matatu. La kwanza ni za mwisho mwisho za sura ya zamani, la pili ni za mwanzo za sura mpya, la tatu ni zilizoguswa katikati.

Jambo jingine, namba ya gari isikuchanganye. Namba D au namba E inakuambia gari ilisajiliwa lini Tanzania, haikuambii ilitengenezwa lini. IST ya 2005 inaweza kabisa kuwa na namba E inayong'aa.

Tutalinganisha kwa vigezo gani

Mimi naangalia vitu vitano: hela yote mpaka gari iko mlangoni kwako, mafuta, spea na fundi, vumbi na barabara zetu, na kuuza tena.

Hela inataka maelezo kidogo maana kodi ndiyo inaumiza wanaoagiza wenyewe. Ukiagiza gari ndogo ya abiria, TRA wanachukua ushuru wa forodha asilimia 25, halafu ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: mpaka cc 1000 haulipi, 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, kuzidi 2000 ni asilimia 10. Halafu kuna ule wa uchakavu, gari yenye miaka 8 mpaka 10 tangu itengenezwe ni asilimia 15, ikizidi 10 ni asilimia 30. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, na tozo nyingine ndogondogo. Kenya wao gari iliyozidi miaka 8 hawairuhusu kabisa, sisi tunaruhusiwa ila tunalipia.

Chukua mfano, thamani ambayo TRA wameikubali ni milioni 10 na injini ni 1500. Gari ikiwa chini ya miaka 8 kodi, ukiacha zile tozo ndogondogo, inakuja kama milioni 5.49. Ikiwa kati ya 8 na 10 inakuwa milioni 7.7. Ikizidi 10 inafika milioni 9.91, yaani karibu ununue gari nyingine. Ila kumbuka hawaendi kwa bei uliyonunulia wewe, wana kikokotoo chao na thamani zao, ingia humo kwanza kabla hujatuma hata senti, na ukiwa unaagiza karibu na mwezi wa saba hakikisha bajeti haijagusa viwango.

Kama unanunua mkononi au yadi hapahapa, kodi ilishalipwa na aliyeileta, wewe unabaki na gharama za kuhamisha umiliki. Hii inabadilisha hesabu sana kama utakavyoona.

Za mwisho za sura ya zamani

Hapa nazungumzia IST za kuanzia Mei 2005 (waliigusa kidogo mwezi huo) mpaka 2007, Harrier za sura ya zamani, zile mtaani wanaziita tako la nyani, za 2006 mpaka 2013, Prado 120 za 2007 mpaka 2009, na Hilux Vigo za 2011 mpaka 2015.

Hela: mkononi ndizo za bei ya chini kuliko zote. Kuagiza ndipo zinapokugeukia kwa sababu umri umeshazidi 10, ile asilimia 30 inakusubiri bandarini. Tako la nyani inapigwa mara mbili, injini yake ya 2.4 ina cc 2362 kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 badala ya 5. Ndio maana mtu akiniambia anataka kuagiza tako la nyani namshauri atafute iliyopo nchini tayari.

Mafuta: IST haina shida, iwe 1.3 au 1.5. Tako la nyani ya 2.4 ni gari nzito yenye giaboksi ya gia nne, mjini inakunywa, na ukichukua ya V6 ya 3.0 au 3.5 ujue umejichagulia. Na sisi huku bei za EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zinatoka juu kuliko za Dar kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo kila lita inasikika.

Spea na fundi ndipo fungu hili linapong'ara. Injini ya 1NZ iliyo kwenye IST ndiyo hiyohiyo iko kwenye Probox, Vitz, Raum, Premio za 1.5, Allion, orodha ndefu. Plagi, koili, pampu ya maji, mautingi, kila kitu unapata mjini hapa bila kuagiza Dar. Fundi wa chini ya mwarobaini anaisikiliza tu inavyonguruma anakuambia tatizo. Giaboksi ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, haina maneno mengi. Vigo nayo hivyo, ila injini zake za KD (2.5 na 3.0) zinatumia mkanda wa taiming, usipojua mkanda ulibadilishwa lini badilisha siku unayonunua, kabla hata hujaenda kumwonyesha mke wako. Na tako la nyani ya 2.4 angalia ulaji wa oil, injini ya 2AZ inajulikana kwa hilo. Muulize mwenye gari anaongeza oil mara ngapi kati ya sevisi na sevisi, halafu chomoa kijiti cha oil wewe mwenyewe.

Vumbi: gari za zamani zinavumilia. Nilikuwa na fundi mmoja Chang'ombe mwezi wa tisa, akachomoa chujio la hewa la IST ya mwalimu anayetokea Hombolo, akaligonga kwenye tairi mara tatu, likamwaga vumbi jekundu la kujaza kiganja. Injini ilikuwa inawaka bila tatizo lolote. Sisemi uliache lifike huko, nasema hizi gari hazina vihisio vingi vya kuchanganyikiwa. Ubaya wake ni umri: bushi, boljointi, shokapu, mabomba ya maji yamekauka, gari ya 2006 imeshakula miaka na rafu za kutosha hata kama odometa inasema elfu 80.

Kuuza tena: IST ya zamani unaiuza wikiendi moja. Tako la nyani inauzika ila wanunuzi wanazidi kuwa wagumu kwa sababu ya mafuta.

Inamfaa nani? Mwenye bajeti iliyobana anayenunua mkononi, anayeishi nje ya mji kama Kongwa, Mpwapwa au Chemba ambako fundi wa kompyuta hayupo, na anayenunua gari ya kwanza atakayojifunzia kumiliki gari.

Za mwanzo za sura mpya

IST modeli mpya za 2007 mpaka 2010, Prado 150 za 2009 mpaka 2013, Harrier za sura mpya, mtaani wanaziita Anaconda, za mwisho wa 2013 mpaka katikati ya 2017, Hilux Revo za 2015 mpaka 2017.

Hizi ndizo zinazowavuta watu wengi, na naelewa kwa nini. Unapata sura ambayo mtaani bado inaonekana ya kisasa, kwa bei ambayo iko chini ya zile zilizoguswa baadaye. Jirani hajui kama Anaconda yako ni ya 2014 au 2016, anaona Anaconda.

Kwenye hela kuna raha moja wengi hawaijui: Anaconda ya kawaida ina injini ya 2.0, cc 1986. Imekaa chini ya 2000 kwa cc 14 tu, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. Yaani Harrier mpya imekuwa nafuu kwenye mstari huo kuliko Harrier ya zamani. Ila uchakavu nao unazifikia hizi, hesabu miaka yake vizuri kabla hujabonyeza kununua, mwaka mmoja tu wa tofauti unaweza kukutoa asilimia 15 ukaingia 30.

Mafuta: hapa ndipo Toyota walifanya kazi. Anaconda ya 2.0 yenye CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyoruka gia moja moja, inakula kidogo kuliko tako la nyani ya 2.4, ukitembea Dodoma mpaka Morogoro utaiona kwenye geji. IST mpya ya 1.5 injini ni ileile 1NZ lakini zile za tairi mbili zimewekewa CVT, za fo-wili zikabaki na gia nne. Kuna na ya 1.8 kwa anayetaka nguvu.

Spea na fundi: CVT sio mbaya, mbaya ni fundi anayeichukulia kama giaboksi ya kawaida. CVT ina haidroliki yake, ukimwaga ile ya kawaida ya otomatiki unaiua polepole, na dalili zinakuja baada ya miezi wakati fundi ameshasahau. Kabla hujanunua gari ya CVT mtafute kwanza fundi atakayeihudumia, muulize anaweka haidroliki gani, akijibu "yoyote tu ya Toyota" mshukuru na uondoke.

Halafu kuna suala la mwaka wa kwanza. Kiwanda kikitoa kitu kipya, makosa mengine yanagunduliwa gari ikiwa tayari barabarani, na dawa inakuja miaka ya mbele. Mfano ulio wazi ni injini ya dizeli 1GD ya 2.8, iliyoanza 2015 kwenye Hilux Revo, Fortuner na Prado. Chujio lake la moshi, wanaliita DPF, lilisumbua sana Australia mpaka mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho kule ikasema lilikuwa na kasoro, na kesi ilihusu gari za kuanzia Oktoba 2015 mpaka Aprili 2020. Lile chujio linahitaji joto la safari ndefu ili lijichome masizi. Gari ya dizeli ya aina hiyo ukiitumia kutoka mtaa wa Kisasa mpaka mjini, mjini mpaka Kisasa, hailipati hilo joto. Ukiitumia Dodoma mpaka Singida kila wiki ni habari nyingine. Mafundi wengine wanashauri kulikata, mimi sipendi hilo, moshi ule tunauvuta sisi na watoto wetu. Ila ubora wa GD ni kwamba inatumia cheni, ule wasiwasi wa mkanda wa Vigo haupo.

Barabara: hizi zina starehe zaidi, rafu ya kutoka Kondoa mjini kuingia vijijini utaihisi kidogo. Kuuza tena ziko vizuri sana, Anaconda na IST mpya zinatafutwa.

Zinamfaa mtu wa mjini anayetembea lami muda mwingi, mtumishi wa mji wa serikali kule Mtumba anayekwenda na kurudi kila siku, mwenye fundi anayejua CVT, na anayetaka gari atakayoiuza baada ya miaka mitatu bila kupoteza sana.

Zilizoguswa katikati

Hapa ni Anaconda za kuanzia Juni 2017 mpaka 2020, Prado za kuanzia Septemba 2013 na zile za kuanzia Septemba 2017, Revo za kuanzia 2020. IST haimo kwa kweli, ile modeli mpya ilienda mpaka 2016 ikiwa karibu ileile.

Hela ni nyingi kununua, lakini ukipata yenye umri chini ya miaka 8 kodi inapungua kwa namna inayoweza kukushangaza. Nimeshaona mtu analinganisha bei za Japani tu, akaona ya 2014 ni nafuu sana, alipoweka kodi pengo likabaki dogo kuliko alivyodhani. Fanya hesabu ya mwisho, usifanye ya mwanzo.

Mafuta hayana tofauti kubwa na za mwanzo kama injini ni ileile. Anaconda ya 2017 ilileta pia ya 2.0 turbo yenye nguvu farasi 231, tamu kuendesha ila sio ya anayebana matumizi. Kwenye dizeli 1GD ya 2020 waliongeza nguvu kutoka farasi 177 mpaka 204.

Na kuna hili ambalo macho hayaoni. Prado ilibadilishwa sura 2013 na 2017, lakini badiliko kubwa kwenye Prado ya Japani lilikuja Juni 2015 bila kugusa sura: waliirudishia dizeli, hiyo 2.8, na giaboksi ya gia sita. Kwa nje Prado 2014 na 2016 ni pacha. Kwa hiyo sura peke yake nayo inadanganya, soma namba ya chesisi.

Spea ni mtihani, hasa za bodi. Jirani yangu Ilazo ana Prado 150 ya 2011, aligonga mbuzi maeneo ya Kintinku usiku, taa ya kulia ikapasuka. Akapiga simu Dar akasema nataka taa ya Prado 150, kulia. Mzigo ukaja na basi, taa imefungwa vizuri na vipande vya godoro, tukaitoa tukaiweka juu ya boneti, nzuri inameta. Tukaipeleka kwenye tundu lake ikakataa. Mkia wa chini wa ile taa unashuka mpaka kwenye bampa, na bampa ya 2011 haina nafasi hiyo, hata vishikio vya skrubu havikutani. Ilikuwa taa ya baada ya 2013. Akairudisha, akalipa nauli ya mzigo mara mbili, akakaa wiki mbili na taa moja. Aliyeuza hakukosea, aliletewa alichoulizwa.

Taa za LED zikipasuka bei yake kaa chini kwanza. Na gari zenye kamera ya usalama juu ya kioo cha mbele, kioo kikipigwa na jiwe la lori barabara ya Iringa hubadilishi kioo tu, ile kamera inatakiwa ipangwe upya, na mafundi wa kuipanga sio wengi huku.

Zinamfaa anayeagiza mwenyewe na ana hela kamili, anayepanga kukaa na gari miaka saba na zaidi, anayesafiri sana na familia barabara kuu, na mwenye bima kubwa ya kumlipia hivyo vioo na taa.

Kabla hujalipa, soma chesisi

Herufi za mwanzo ndizo zinakwambia ukweli. IST: NCP60, 61 na 65 ni ya zamani, NCP110, NCP115 na ZSP110 ni mpya. Harrier: ACU30 na ACU35 ni tako la nyani ya 2.4, ZSU60 na ZSU65 ni Anaconda ya 2.0, ASU ni turbo, AVU65 ni haibridi. Prado 150: TRJ ni petroli 2.7, GRJ ni 4.0, GDJ ni dizeli 2.8. Iko kwenye kadi ya gari na iko kwenye bodi, na zote mbili lazima zifanane.

Sasa wewe uko wapi

Bajeti inaishia kwenye gari ya mkononi na unaishi au unafanya kazi nje ya mji, angalia sura ya zamani za mwisho, na tenga hela ya bushi, shokapu na mkanda kama ni KD.

Uko mjini, unakwenda Mtumba na kurudi, unapenda gari inayoonekana vizuri na utaibadilisha baada ya muda mfupi, sura mpya za mwanzo zinakutosha, sharti fundi wa CVT awepo.

Unaagiza mwenyewe, piga hesabu ya kodi ya za mwanzo na zilizoguswa katikati pembeni kwa pembeni. Kama tofauti ya mwisho ni ndogo na unakaa nayo muda mrefu, iliyoguswa ina mantiki. Kama tofauti ni kubwa, hiyo hela inayobaki ni sevisi ya miaka kadhaa.

Unanunua pikapu ya kubeba mahindi Kibaigwa, Vigo na Revo zote zinafanya kazi, swali ni safari zako: fupifupi na mizigo mizito, KD isiyo na chujio la moshi ina usumbufu mdogo, masafa marefu kila wiki, GD itakulipa kwa nguvu. Kodi ya pikapu ina viwango vyake, usitumie hesabu ya gari ndogo niliyoweka hapo juu.

Shemeji yangu yeye anafundisha Bahi, analala Nkuhungu, na fundi wake ni yule wa mtaa wa pili ambaye hajawahi kufungua CVT. Tulienda Jumamosi, tukasoma kadi, NCP61, tukafungua boneti tukasoma na ile ya kwenye bodi, herufi kwa herufi, ndio akatoa simu kutuma hela.